Kimya Kisichokuwa Hasira

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, Anjela alikuwa na kazi ya kumkatia ng'ombe migomba na kumshikia baba yake ndoo wakati wa kukamua. Ng'ombe wao alifungwa bandani, kama ng'ombe wengi wa vijiji vya juu ya Usa River, kwa sababu mteremko wa Meru umejaa kahawa na migomba na hakuna tena mahali pa kuchungia. Baba yake, Eliud, alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya usharika. Alizoea kukamua huku akipiga mluzi nyimbo za bendi, na Anjela alizijua zote hata zile ambazo hazijawahi kupigwa kanisani.

Kisha mluzi ukakoma.

Hakuna aliyejua ulikoma siku gani. Anjela alishtukia tu kwamba baba anakamua kimya, na kwamba anaondoka kabla maziwa hayajaisha kwenye chuchu. Hilo lilimtisha zaidi, maana Eliud ndiye aliyekuwa akiwakemea majirani kwa kosa hilohilo. Ng'ombe asiyekamuliwa mpaka mwisho huvimba kiwele, akaugua.

Baada ya hapo mambo yalifuatana. Eliud aliacha kwenda kwenye mazoezi ya bendi. Zamu yake ya maji ya mfereji ikafika, tena wakati wa kiangazi, wakati ambao watu hutoleana majembe kwa ajili ya maji, naye akabaki kitandani mpaka jirani akayageuzia shambani kwake. Mezani aliigusa sahani kidogo tu, akaisukuma. Usiku hakulala, na mchana alitembea kama aliyebebeshwa gunia. Mkewe alipomuuliza ana shida gani, alijibu kwamba hana shida yoyote. Alipoulizwa tena aliinuka na kutoka nje.

Jioni akaanza kupanda juu, hadi pale mfereji unapotokea msituni. Huko miti imeziba jua, ukungu unashuka mapema, na mbega wanakoroma juu ya matawi bila kuonekana. Watoto hawakupapenda. Siku moja Anjela alitumwa kumwita baba aje kula, akamkuta amekaa juu ya jiwe, anatazama maji. Alimwita, akamwita tena. Eliud alipogeuka, Anjela aliona jinsi macho yale yalivyomtazama, kama vile yeye yuko mlima mmoja na baba yake yuko mwingine.

Shuleni habari zilikuwa zimefika. Gidion, ambaye nyumba yao ilipakana na kwao Anjela, alisema mbele ya wenzake, wakati wa uji:

"Baba yako kapigwa kufuli. Bibi anasema kuna mtu kaichukua sauti yake, kaitia kwenye chupa."

"Basi muulize bibi yako chupa yenyewe ameiweka wapi," Anjela alijibu, "maana inaonekana anaijua vizuri."

Watoto walimcheka Gidion. Anjela naye alicheka, kisha akaumwaga uji wake.

Mama Anjela hakuamini habari za chupa. Yeye aliamini jambo lingine, na huko kwao karibu kila mtu angeamini hivyo. Mwanamume akinyamaza siku nyingi nyumbani kwake, watu husema amekasirika. Kuna mtu amemkosea, naye hataki kumtaja. Mama alirudi nyuma akachunguza kila neno alilowahi kusema, akakumbuka kwamba kwenye sherehe ya kipaimara alimjibu mumewe vibaya mbele ya wageni. Akajiambia, ni hilo.

Na dawa ya hasira Wameru wanayo. Ni sale, ule mmea wenye majani marefu unaopandwa kwenye mipaka ya mashamba. Aliyekosa hupeleka jani la sale lililopigwa fundo kwa yule aliyemkosea, akiwa na wazee. Anayeletewa hana ruhusa ya kukataa. Lazima asamehe, na akishasamehe, jambo lile haliguswi tena na mtu yeyote.

Kwa hiyo Mama Anjela alikwenda kwa Abdiel, kaka mkubwa wa Eliud, ambaye alikuwa mzee wa ukoo na mzee wa kanisa pia. Abdiel alimsikiliza, akasema amefanya vyema, akakata jani kwa mkono wake.

Jumapili baada ya ibada wazee walikuja. Mama alipiga magoti sebuleni, akamnyoshea mumewe lile jani kwa mikono miwili. Anjela alikuwa amesimama mlangoni.

"Hakuna aliyenikosea," Eliud alisema.

"Sema umesamehe, mdogo wangu," Abdiel alimwambia kwa upole. "Sale haikataliwi."

"Lakini kaka, hakuna kosa."

"Sema tu."

Eliud alimtazama mkewe pale chini, akawatazama wazee. "Nimesamehe," alisema.

Watu wakashusha pumzi. Loshoro ililetwa, mahindi na maziwa ya mgando, wakala, wakaomba. Abdiel alifunga kikao kwa kusema kwamba jambo limekwisha, na atakayelifukua atakuwa ameitukana sale. Machozi yalikuwa yanamtoka Eliud, na wazee walipoyaona walitikisa vichwa kwa furaha, wakidhani ni machozi ya amani. Bakuli lake lilikuwa bado limejaa.

Baada ya siku hiyo Eliud alibadilika, na nyumba nzima ikashukuru. Aliamka mapema, akaziba paa la banda, akasafisha kahawa. Aliongea kidogo, tena kwa sauti ya chini, lakini aliongea. Mama alianza kuimba jikoni.

Anjela peke yake hakuwa na raha. Baba alikuwa mtulivu mno. Alipeleka tarumbeta kwa kiongozi wa bendi, akasema apewe kijana mwingine. Koti lake zuri, lile la kwendea kanisani, alimpa jirani. Buti za mvua akampa mtu mwingine. Alimfundisha Anjela kukamua hadi tone la mwisho, akamtajia jina la daktari wa mifugo na mahali anapopatikana, akamzungusha shambani akimwonyesha mpaka ulipopita.

Kisha siku moja, wakiwa bandani, akamwambia, "Ukimaliza shule usimwache mama yako peke yake."

"Kwani wewe utakuwa wapi, baba?"

Eliud alimpapasa ng'ombe mgongoni.

"Maneno haya yabaki hapa bandani," alisema mwishowe. "Mama yako usimwambie. Ameshahangaika vya kutosha."

Anjela akaitikia. Angefanya nini? Ni baba yake. Lakini tangu hapo alitembea na yale maneno kama mtu aliyemeza kaa la moto. Mama alipoimba, yeye alitamani kumwambia anyamaze. Akishtuka usingizini alisikiliza kama mlango umefunguliwa.

Aliposhindwa kuvumilia alikwenda kwa baba yake mkubwa. Abdiel alikuwa anapogolea kahawa. Anjela alimwamkia, akazungukazunguka, kisha akasema kwamba anaona baba bado hayuko sawa, anagawa vitu vyake. Neno la bandani hakulitaja, kwa sababu aliahidi.

Abdiel aliweka mkasi chini. Hakukasirika, ila uso ulikuwa mgumu. Alisema mtu anayegawa vitu moyo wake umekuwa mwepesi, na hiyo ni dalili njema. Alisema jambo lile wazee wamelimaliza.

"Unataka kufukua, Anjela? Nyumba yenu ikipata balaa utasema nani kaileta? Nenda ukamsaidie mama yako. Na mdomo huo uufunge."

Anjela alirudi nyumbani na mdomo uliofungwa.

Asubuhi iliyofuata mlima haukuonekana kabisa, ulikuwa umezibwa na wingu zito jeusi hadi mashambani. Eliud alikamua mpaka mwisho. Alipomaliza, alimwekea Anjela mkono kichwani, kama mchungaji anavyobariki watoto, akamtaja kwa majina yake yote, hadi la ukoo. Hakuwahi kufanya hivyo. Kisha akasema mchana atapanda juu kusafisha mfereji, wasimngoje kula.

Anjela alitembea hadi shuleni bila kumsemesha mtu. Kipindi cha kwanza kilipita hakusikia lolote. Wakati wa uji alikaa na kikombe mkononi mpaka kikapoa, na wenzake walipokwenda kucheza alibaki pale. Mwalimu Jackline, aliyefundisha sayansi na kushughulikia malezi ya wanafunzi, alikuja kumuuliza kama anaumwa.

"Mwalimu," Anjela alisema, "nikivunja ahadi ya baba nitapata laana?"

"Inategemea ni ahadi gani. Niambie."

"Nikikwambia nitakuwa nimeshaivunja."

Mwalimu Jackline alivuta benchi akakaa karibu naye. Hakumharakisha. Alisema tu kwamba mzazi anaweza kumwomba mtoto jambo zito kuliko nguvu za mtoto, bila kujua. Hapo Anjela akaanza kulia, na yote yakatoka, mluzi, mfereji, sale, tarumbeta, koti, maneno ya bandani, na ule mkono kichwani.

Mwalimu aliposikia habari ya mkono alisimama. Hakusubiri kengele ilie. Alimwachia mwenzake darasa, akampigia simu Mama Anjela, akachukua mwavuli.

"Umefanya vizuri kusema," alimwambia Anjela wakiwa tayari njiani. "Sasa huu ni mzigo wa watu wazima. Wewe nionyeshe njia tu."

Walipita kwa Abdiel. Yule mzee alianza kuuliza imekuwaje mtoto amepeleka mambo ya ukoo shuleni, lakini mwalimu hakumpa nafasi. "Shikamoo, mzee. Kama nimekosea nitakuja kuomba radhi nikiwa nimepiga magoti. Sasa hivi naomba tuondoke." Abdiel aliutazama uso wake, akachukua fimbo.

Mama aliwakuta kwenye njia panda, anahema, khanga imemlowa. Walipanda pamoja. Mvua ilikuwa imeanza, njia inateleza, na kadiri walivyopanda ndivyo ukungu ulivyozidi hata wakawa wanaona migongo ya walio mbele tu. Mama aliita jina la mumewe. Hakuna aliyejibu. Aliita tena, na mbega wakanyamaza. Anjela aliogopa ule ukimya kuliko kitu chochote alichowahi kukiogopa.

Eliud alikuwa pale kwenye jiwe. Jembe hakuwa nalo. Alikuwa amelowa chapachapa, na hakushangaa kuwaona.

Mwalimu alimwashiria Anjela abaki nyuma na mama yake. Lakini mahali pale sauti husafiri, na walisikia kila neno. Mwalimu Jackline alikaa chini kwenye majani mabichi, akamsalimia Eliud, akamwambia kwamba hajaja kumlaumu. Kisha akasema:

"Baba Anjela, nakuuliza waziwazi. Unawaza kujiua?"

Abdiel alinyosha mkono kama mtu anayetaka kulizuia neno lisifike. Neno hilo halitamkwi huko. Watu husema ukilitaja umeliita. Lakini lilikuwa limeshatamkwa, na Eliud aliinua kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze, uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyesemeshwa.

"Ndiyo," alisema. "Nimechoka, mwalimu. Nimechoka mno."

Fimbo ilimtoka Abdiel mkononi. Mzee yule wa ukoo, ambaye watu wote walimwogopa, alikaa kwenye matope kando ya mdogo wake, akamshika mkono, hakuuachia.

Hawakumwacha peke yake hata kidogo. Siku hiyohiyo pikapu ya bendi iliwashusha hadi hospitali moja mjini Arusha. Daktari alimpima, akauliza habari za usingizi, chakula na mawazo, akasema Eliud anaumwa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito unaoshika akili. Alimpa dawa, akamkabidhi kwa mwanasaikolojia aliyeitwa Indira, mwanamke mwenye mvi chache ambaye babu yake alikuwa na duka la vitambaa pale mjini, na Kiswahili chake kilikuwa cha Arusha hasa.

Abdiel hakuridhika. Alitaka kujua huyu mama atamtibu mtu kwa maongezi vipi, wakati wao wamekwisha kuongea naye, wamemwombea, na sale wamempa.

"Sale ni dawa ya hasira, mzee wangu," Indira alimjibu. "Mdogo wako hana hasira. Ninyi mlimpa dawa nzuri ya ugonjwa mwingine."

Kazi ya Indira ilikuwa ya polepole. Kila wiki Eliud alikwenda, na Abdiel akamsindikiza, akakaa kwenye benchi la nje na kofia yake mapajani. Mara nyingine Eliud alirudi amechoka kuliko alivyokwenda. Kuna wiki aliyokataa kabisa, akasema ni upuuzi, na ikabidi mkewe akae naye kitandani asubuhi nzima mpaka akavaa viatu. Indira hakumwambia ajikaze. Alimfundisha kuyatambua mawazo mabaya yanapoanza kunong'ona, na kumwambia mtu kabla hayajapata sauti. Alimpa kazi ndogondogo, leo akamue mpaka mwisho, kesho atembee hadi barabarani na mtu wa kuongea naye.

Siku moja Indira alimwita pamoja na mkewe. Ndipo Eliud alipoeleza ile Jumapili ya sale. Alisema alimwona mkewe amempigia magoti bila kosa, akajiambia kwamba basi kitu kibovu katika nyumba ile ni yeye mwenyewe.

"Mimi nilidhani umenichoka," mkewe alisema.

"Nilikuwa nimejichoka mwenyewe. Sikujua kwamba hayo yana jina, wala kwamba yana daktari."

Anjela naye aliitwa, kwa sababu alikuwa bado anaamini kwamba alimsaliti baba yake. Indira alimwambia kwamba kama siri inagusa uhai wa mtu, mtoto hatakiwi kuitunza. Amwambie mtu mzima, na huyo akimpuuza, amwambie mwingine, na mwingine, mpaka apatikane wa kusikia. "Wewe ulifika kwa wa pili. Asingekusikia huyo, ungekwenda kwa wa tatu. Sawa?" Anjela alisema sawa. Hakupona hofu siku hiyo, lakini alilala.

Masika yalipofika, Eliud alikwenda mjini peke yake kwa mara ya kwanza. Aliondoka asubuhi, akasema atarudi kwa chakula cha mchana. Mchana ukapita. Mvua ilishuka kutoka mlimani kama ukuta, mfereji ukafurika, ukawa unanguruma nyuma ya migomba. Simu yake haikupatikana. Mama alitoka, akaingia, akatoka tena. Abdiel alikuja bila kuitwa, akasimama mlangoni na koti linalochuruzika, akitazama njia. Hakuna aliyelisema lile wazo, lakini kila mmoja alijua mwenzake anawaza nini. Anjela aliukumbuka mkono kichwani, akajaribu kukumbuka kama leo baba aliondoka vivyo hivyo.

Jioni ilikuwa imeanza kuingia walipoona mtu anapanda kwenye matope. Alikuwa Eliud.

Abdiel alimpokea kwa swali ambalo kila mtu huulizwa akitoka safari. "Habari za huko?"

Swali hilo lina jibu moja tu, na lilikuwa limeshafika mdomoni mwa Eliud. Walimwona analirudisha.

"Si nzuri," alisema. "Leo siko sawa. Nilipokuwa kituo cha basi yale mawazo yalirudi, tena kwa nguvu. Basi nikageuka, nikarudi kwa Mama Indira, tukakaa. Ndiyo maana nimechelewa. Na simu iliisha chaji."

Hakuna aliyetoa pole kubwa wala kumwambia amshukuru Mungu. Mama alimvuta ndani, akamkalisha jikoni karibu na moto, akasema usiku huu hakai peke yake. Abdiel alivua koti akasema yeye pia haondoki, watafute pa kumlaza.

Kisha akamgeukia Anjela, mbele ya wote.

"Mwanangu, siku ile shambani nilikuambia ufunge mdomo. Ungenitii, leo tungekuwa na kaburi hapo nje, na mimi ndiye ningeongoza maombi, na nisingejua kwamba nimelichimba mwenyewe. Maumivu ya akilini ni ugonjwa kama malaria. Mtu akiugua anasema, na aliyeambiwa anampeleka kwa anayejua kutibu. Heshima haimzuii mtu kusema. Mimi nimejifunza uzeeni. Ninyi jifunzeni sasa."

Anjela alimsogezea kigoda.

Nje mvua ilikuwa haijapungua hata kidogo. Eliud alinyosha miguu yake iliyolowa kwenye moto, akaanza kueleza lililompata pale kituoni, polepole, akisimama, akianza tena, na wao wakamsikiliza mpaka mwisho.